John Slaton, Gavana Aliyesoma Jalada Lote

Mazungumzo ya leo yanatupeleka kusini mwa Marekani, katika jimbo la Georgia, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Anayezungumziwa ni John Marshall Slaton, mwanasheria aliyepanda ngazi za siasa kwa subira, akafika kwenye kiti cha ugavana, kisha akahatarisha yote aliyoyachuma kwa saini moja. Saini hiyo aliiweka tarehe 21 Juni 1915, zikiwa zimebaki siku 5 tu aondoke ofisini.

Slaton alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1866 katika wilaya ya Meriwether, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa vimemalizika mwaka mmoja kabla. Baba yake alikuwa mwalimu, na baadaye akawa msimamizi wa shule za umma za jiji la Atlanta. Kijana huyo alisoma Chuo Kikuu cha Georgia, akahitimu kwa alama za juu, akaingia kwenye uwakili. Mwaka 1898 alimwoa Sarah Frances Grant, binti wa familia iliyokuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Atlanta. Kwa hiyo elimu alikuwa nayo, mali alikuwa nayo, na milango ya wakubwa ilikuwa wazi mbele yake.

Siasa nayo ilimkubali. Alikaa katika Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa zaidi ya miaka 10, akawa spika wake kuanzia 1905 hadi 1909, kisha akawa rais wa Seneti ya jimbo. Mwaka 1911 gavana Hoke Smith alipokwenda Washington kuwa seneta, Slaton alikaimu ugavana kwa muda mfupi. Mwaka uliofuata akachaguliwa gavana kamili, na tarehe 28 Juni 1913 akaapishwa. Alikuwa na umri wa miaka 46, na wengi walimwona kuwa ni mtu ambaye bado ana safari ndefu mbele yake.

Ila miezi miwili kabla ya kiapo hicho, jambo lilikuwa limekwisha kutokea Atlanta.

Jumamosi tarehe 26 Aprili 1913, msichana wa miaka 13 aliyeitwa Mary Phagan alikwenda katika kiwanda cha penseli cha National Pencil Company kuchukua ujira wake. Alikuwa anadai dola 1 na senti 20. Kazi yake ilikuwa kwenye mashine ya kupachika vifutio, na wiki ile alikuwa amesimamishwa kwa kuwa bati la kutengenezea vishikizo vya vifutio lilikuwa limekwisha. Siku hiyo ilikuwa sikukuu, kiwanda kimefungwa, mjini kuna gwaride. Usiku wa manane kuamkia Jumapili, mlinzi wa kiwanda aliikuta maiti yake kwenye ghorofa ya chini ya ardhi. Alikuwa amekabwa kwa kamba. Kando yake palikuwa na vikaratasi viwili vilivyoandikwa kana kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyeviandika akikata roho.

Hasira iliyolipuka Atlanta ilikuwa na mizizi ya kweli, na haifai kuipuuza. Familia nyingi za wazungu maskini zilikuwa zimetoka mashambani na kuhamia mjini kutafuta riziki viwandani. Watoto wao walifanya kazi kwa saa nyingi na malipo ya senti chache. Wazazi waliona aibu na uchungu kwamba binti zao wako chini ya amri ya mabosi wasiowajua. Mary Phagan alipouawa, kila mzazi wa namna hiyo aliona kama aliyeuawa ni mwanawe. Mji ulitaka mtu wa kulipia damu hiyo, na ulimtaka upesi.

Polisi walianza kwa kumkamata mlinzi wa usiku, mtu mweusi aliyetoa taarifa. Kisha wakamgeukia Leo Frank, msimamizi wa kiwanda, ambaye ndiye aliyemkabidhi Mary bahasha ya mshahara. Frank alikuwa Myahudi, mwenye miaka 29. Alizaliwa Texas, akakulia Brooklyn, akasomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cornell. Mtu wa Kaskazini, msomi, bosi, tena Myahudi: sifa zote hizo zilimfanya awe mgeni mbele ya macho ya umati.

Kesi ilianza tarehe 28 Julai 1913. Mwendesha mashtaka, Hugh Dorsey, aliegemea zaidi ushahidi wa mtu mmoja, Jim Conley, mtu mweusi aliyekuwa mfagiaji wa kiwanda hicho. Conley alikuwa amewapa polisi maelezo kadhaa ya kiapo yaliyopingana. Mahakamani alisema kwamba Frank ndiye aliyemuua msichana kwenye ghorofa ya ofisi, kwamba wao wawili waliiteremsha maiti kwa lifti hadi chini ya ardhi, na kwamba yeye Conley aliandika vile vikaratasi kwa kuambiwa na Frank la kuandika.

Hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Katika Georgia ya wakati ule, mtu mweusi alikuwa amenyang'anywa kura kwa hila za kisheria, na neno lake halikuwa na uzito dhidi ya neno la mzungu. Safari hii wazee wa baraza 12, wote wazungu, waliliamini neno la mtu mweusi na kumkataa mzungu. Nao mawakili wa Frank hawakuwa na mikono safi, kwani walimshambulia Conley kwa matusi ya ubaguzi wa rangi wakidhani hiyo ndiyo njia fupi ya kushinda. Ubaguzi ulitumika pande zote mbili za chumba kile cha mahakama.

Nje, watu walijaa barabarani wakipiga kelele zilizosikika hadi ndani. Siku ya hukumu, tarehe 25 Agosti, Jaji Leonard Roan aliwashauri mshtakiwa na mawakili wake wakuu wasiwepo mahakamani, maana kama angeachiwa huru, hakuwa na hakika kwamba wangetoka hai. Wazee wa baraza walichukua chini ya saa 4 kufikia uamuzi. Frank alipatikana na hatia, na kesho yake akahukumiwa kunyongwa.

Kuanzia hapo kesi hiyo ilipanda kutoka mahakama hadi mahakama, na kila ilikofika ilipata sababu ya kusukumwa mbele. Jaji Roan, alipoombwa aagize kesi isikilizwe upya, alitamka hadharani kwamba yeye mwenyewe hakuwa amesadiki kama Frank ana hatia au hana, ila wazee wa baraza walikuwa wamesadiki, na hilo lilitosha. Akalikataa ombi. Mahakama Kuu ya jimbo nayo ilifungwa na sheria, kwani kazi yake ilikuwa kusahihisha makosa ya kisheria, si kupima upya ushahidi. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwezi Aprili 1915 majaji 7 kwa 2 waliamua kwamba utaratibu wa jimbo ulikuwa umefuatwa. Wawili waliopinga, Oliver Wendell Holmes na Charles Evans Hughes, walisema kesi iliyoamuliwa chini ya vitisho vya umati si kesi.

Tazama hali ilivyokuwa, msikilizaji. Kwa karibu miaka miwili hapakuwa na chombo hata kimoja, baada ya wale wazee 12, kilichokaa na kujiuliza swali rahisi: ushahidi huu unaonyesha kweli kwamba mtu huyu ameua? Kila mmoja alitazama sehemu yake ya utaratibu, akagonga muhuri, akapitisha. Tume ya magereza ya jimbo, iliyokuwa na kazi ya kumshauri gavana, ilipiga kura 2 kwa 1 dhidi ya kumpunguzia Frank adhabu. Mbele ya tume hiyo alikuwa amebaki mtu mmoja tu.

Kwetu Tanzania, mamlaka ya kumsamehe au kumpunguzia adhabu aliyehukumiwa yako kwa Rais, kwa mujibu wa Ibara ya 45 ya Katiba. Kenya nako Rais anayo, kupitia Ibara ya 133. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake kwa makosa ya jimbo, na huko Georgia wakati ule kalamu hiyo ilikuwa mkononi mwa gavana.

Slaton alikuwa na mlango wa kutokea. Frank alikuwa amepangiwa kunyongwa tarehe 22 Juni 1915. Muda wa Slaton madarakani ulikuwa unaisha tarehe 26. Angeweza kuahirisha utekelezaji kwa siku chache tu, akamkabidhi jalada mrithi wake, Nathaniel Harris, kisha akaenda zake bila lawama kubwa. Na alikuwa na sababu za kutaka kufanya hivyo. Mwaka 1914 alikuwa amegombea useneti wa Marekani akashindwa na Thomas Hardwick, lakini tamaa ya kiti hicho haikuwa imekufa. Baadaye ilisimuliwa kwamba Tom Watson, mwanasiasa na mchapishaji wa gazeti la The Jeffersonian, alimtumia ujumbe kuwa atamuunga mkono apate useneti ikiwa atamwacha Frank anyongwe. Watson alikuwa na wafuasi wengi vijijini, na kwa zaidi ya mwaka gazeti lake lilikuwa likiwachochea dhidi ya Wayahudi kwa maneno makali.

Lilikuwapo pia jambo lililompa adui zake silaha, nalo lisifichwe. Mwaka 1913 Slaton alikuwa ameunganisha shughuli zake za uwakili na kampuni ya Luther Rosser, ambaye ndiye aliyeongoza utetezi wa Frank. Mtu angeweza kusema, na wengi walisema, kwamba gavana anamwokoa mteja wa ofisi yake. Slaton alilijua hilo. Angeweza kulitumia kama sababu ya kujitoa. Aliona kwamba kujitoa kwake kungekuwa ni kumtupia mtu mwingine kazi iliyowekwa juu yake na sheria.

Basi akafungua jalada.

Kwa siku kadhaa katikati ya Juni alizisikiliza pande zote mbili. Dorsey alikuja mwenyewe kupinga, na gavana wa zamani Joseph Mackey Brown alikuja kutoa onyo. Makumi ya maelfu ya barua yalikuwa yamemiminika kutoka kila pembe ya nchi, mengi yakiomba huruma, mengine yakimtishia kifo. Slaton alikwenda kiwandani mwenyewe, akatembea pale palipotajwa katika ushahidi, akaitazama lifti na ghorofa ya chini. Kisha akajifungia nyumbani na kumbukumbu za kesi.

Alichokiona kilihusu vitu vidogo ambavyo watu walikuwa wamevipita. Cha kwanza ni lifti. Conley alikiri kwamba asubuhi ile ya Jumamosi alikuwa amejisaidia haja kubwa chini kabisa ya shimo la lifti. Polisi walipoteremka Jumapili alfajiri, waliikuta haja hiyo ikiwa nzima. Lifti iliposhuka baadaye hadi chini, ikaiponda, na harufu ikasambaa. Lifti ile ilikuwa haisimami mpaka igote chini. Sasa, kama Frank na Conley waliiteremsha maiti kwa lifti siku ya Jumamosi, ilikuwaje isipondwe siku hiyo? Kwa swali hilo tu, sehemu kubwa ya simulizi ya Conley iliyumba.

Cha pili ni nywele. Upande wa mashtaka ulidai kwamba nywele zilizokutwa kwenye mashine ya ghorofa ya ofisi ni za Mary, na kwa hiyo aliuawa pale. Daktari aliyezitazama nywele hizo kwa hadubini alikuwa amemwambia mwendesha mashtaka kwamba hazifanani na za marehemu. Wazee wa baraza hawakuambiwa. Cha tatu ni vile vikaratasi. Viliandikwa kwenye fomu kuukuu za kiwanda, zenye jina la mfanyakazi aliyekuwa ameshaacha kazi, na Slaton alieleza kuwa fomu za namna hiyo zilikuwa zimepelekwa kuhifadhiwa chini ya ardhi. Conley alisema aliviandika ofisini kwa Frank.

Uamuzi alioutoa una kurasa 29. Haukumtangaza Frank kuwa hana hatia. Ulieleza kwamba shaka iliyopo ni kubwa mno kuruhusu mtu anyongwe, ukakumbusha kwamba jaji aliyesikiliza kesi naye alikuwa na shaka hiyo hiyo, na kwamba kabla ya kufariki mapema mwaka 1915 Jaji Roan alikuwa ameandika barua kuomba adhabu ipunguzwe. Adhabu ya kifo ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Inasimuliwa kwamba Slaton alipotoka chumbani usiku wa manane na kumwambia mkewe kuwa uamuzi huo huenda ukamgharimu uhai, Sarah alimjibu kuwa ni heri abaki mjane wa mtu jasiri kuliko kuwa mke wa mwoga.

Kabla habari haijatangazwa, Frank alitolewa kwa siri usiku katika jela ya Atlanta na kupelekwa katika gereza la shamba huko Milledgeville. Tahadhari hiyo ilikuwa ya lazima. Asubuhi habari ilipotoka, Atlanta ilichafuka. Sanamu za gavana zilinyongwa na kuchomwa moto. Umati wa maelfu ulitembea hadi nyumbani kwake nje ya mji, na askari wa akiba wa jimbo wakalazimika kuizunguka nyumba. Siku ya kumkabidhi Harris madaraka, Slaton alizomewa, na mtu mmoja akamrukia na kipande cha bomba la chuma, askari wakamzuia. Baada ya hapo yeye na mkewe waliondoka Georgia.

Na Frank? Mwezi Julai mfungwa mwenzake alimkata koo kwa kisu. Akanusurika. Usiku wa tarehe 16 Agosti 1915, kundi la wanaume wapatao 25 wenye silaha walikata nyaya za simu, wakaingia gerezani bila upinzani wa maana, wakamchukua. Waliendesha magari usiku kucha hadi karibu na Marietta, mji wa kwao Mary Phagan, na asubuhi ya tarehe 17 wakamnyonga kwenye mti. Watu walikuja kwa mamia kuitazama maiti. Picha zake zikauzwa kama kadi za posta. Hawakuwa wahuni wasiojulikana: kati ya waliopanga shambulio hilo alikuwamo jaji, na yule yule Joseph Mackey Brown aliyewahi kuwa gavana. Hakuna aliyeshtakiwa.

Mtu anaweza kusema basi saini ya Slaton haikufaa kitu, kwa sababu aliyemwokoa alinyongwa wiki 8 baadaye. Hoja hiyo ina nguvu, na inastahili jibu. Georgia ya miaka ile iliwaua watu weusi mamia kwa mikono ya makundi, wengi wao bila jalada, bila wakili, bila gavana wa kuwasomea chochote. Slaton hakuuvunja mfumo huo, na hakuwa mpiganaji wa haki za watu weusi. Alichofanya ni kimoja: pale ambapo serikali ilitakiwa kuua kwa jina la sheria, alikataa iue kwa sababu watu wanapiga kelele. Waliomuua Frank walibaki na jina lao la wauaji. Hawakupata muhuri wa jimbo.

Waliosimama upande wa umati walifaidika. Hugh Dorsey alichaguliwa gavana, akashika madaraka mwaka 1917. Tom Watson alichaguliwa seneta mwaka 1920. Miezi michache baada ya kifo cha Frank, mnamo Novemba 1915, kundi la wabaguzi wa rangi la Ku Klux Klan lilifufuliwa kwenye mlima wa Stone Mountain, si mbali na Atlanta. Slaton alirejea Georgia baada ya muda, akaendelea na uwakili. Wanasheria wenzake walimheshimu, na mwaka 1928 alikuwa rais wa chama cha mawakili cha jimbo. Wapiga kura hawakumrudia: alipogombea useneti mwaka 1930 alishindwa na William J. Harris. Hakushika tena wadhifa wa kuchaguliwa na wananchi. Alifariki tarehe 11 Januari 1955, akiwa na miaka 88.

Miaka 27 baada ya kifo chake, mzee mmoja aitwaye Alonzo Mann alijitokeza. Mwaka 1913 alikuwa kijana wa miaka 14, tarishi wa ofisi ya Leo Frank. Mwaka 1982, akiwa na miaka 83, aliliambia gazeti la The Tennessean kwamba siku ile ya mauaji alimwona Jim Conley akiwa peke yake, amebeba mwili wa msichana karibu na tundu la kushukia chini ya ardhi. Conley alimtishia kumuua akisema. Alikimbia nyumbani, na mama yake akamwambia anyamaze. Maelezo hayo yanaungana moja kwa moja na kile ambacho Slaton alikuwa amekiona kwa kusoma tu: kwamba maiti haikuteremshwa kwa lifti.

Bodi ya misamaha ya Georgia ililikataa ombi la kwanza mwaka 1983. Tarehe 11 Machi 1986 ikampa Frank msamaha, bila kuamua kama alikuwa na hatia au hakuwa nayo, ikikiri kwamba jimbo lilishindwa kumlinda na kwa hiyo likamnyima nafasi ya kuendelea kukata rufaa. Mwaka 2015, karne moja tangu uamuzi ule, kibao cha kumbukumbu ya Slaton kilizinduliwa katika kituo cha historia cha Atlanta, mji uliowahi kuichoma moto sanamu yake.